Bi Qiulan na Chumba cha Ofa

Shen Qiulan hakuwahi kununua kitu asichokihitaji. Muulize mwenyewe, atakuapia. Alinunua alichokihitaji, kisha akaongeza kidogo tu ili afikishe mia tatu, maana ukifikisha yuan mia tatu unapunguziwa hamsini, na mtu mwenye akili zake haachi hamsini ziende hivihivi. Ndivyo sabuni ya kufulia ilivyokuja na mwavuli. Mwavuli wa pili ukaja na ndoo ya kulowekea miguu. Ndoo ya miguu, Mungu ndiye ajuaye kwa hesabu gani, ikaja na ndoo mwenzake. Miaka saba ya kufikisha mia tatu ilikuwa imesongamana kwenye chumba kimoja cha nyumba yake, ghorofa ya tatu, mjini Wuxi, na mlango wa chumba hicho haukufunguka tena mpaka uusukume kwa bega.

Jumatatu asubuhi binti yake, Yiwen, alimpigia simu ya video kutoka Shanghai. Yiwen alikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imemvimba, na daktari alikuwa amemwonya apumzike. Mtoto wake wa kwanza, Nuonuo, msichana wa miaka mitano asiyejua kutembea ila kukimbia, alihitaji pa kukaa mpaka mdogo wake azaliwe.

"Mama, hebu nionyeshe chumba changu," alisema Yiwen.

"Chumba chako kipo."

"Najua kipo. Nionyeshe."

Bi Qiulan akageuza simu taratibu, akaonyesha maua yaliyopangwa dirishani.

"Mama, hilo ni dirisha la jikoni."

"Mwanga ni mzuri zaidi huku."

Yiwen akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu anayepumulia wawili. "Sikiliza. Jumamosi tunakuja. Nikiona sakafu, nikaona na kitanda, Nuonuo anabaki kwako mpaka baada ya mwaka mpya. Nisipoona, hatuvui hata viatu. Tunapitiliza hadi Nanjing kwa mama mkwe wangu. Yeye ameshatandika."

Hapo ndipo Bi Qiulan alipochomwa. Mama Geng wa Nanjing! Mwanamke anayekunja taulo kama anakunja bendera ya taifa, ambaye siku ya harusi alipita humu ndani, akatazama huku na huku, akasema kwa tabasamu, "Nyumba yako ina vitu, dada. Hongera." Ile hongera Bi Qiulan alikuwa hajaimeza mpaka leo.

"Njooni," alisema. "Sakafu mtaiona mpaka mchoke."

Alipokata simu alipiga moyo konde, akausukuma mlango kwa bega. Kulikuwa na ndoo tano za miguu. Kulikuwa na miavuli kumi na minne, chupa za chai tisa, sufuria tatu za umeme za kupikia wali, na sabuni ya maji ya kuoshea mji mzima na vitongoji vyake. Karatasi za msalani zilifika dari. Kitanda cha Yiwen alijua kimo humo kwa kumbukumbu tu, kama mtu anavyojua mto unapita chini ya daraja.

Kutupa hakuweza. Alikuwa mtoto wa enzi za kuponi za mgao, sabuni kipande kimoja kwa familia nzima, na mkono wake ulikataa kabisa kutupa kitu ambacho hakijafunguliwa. Akamwita mzee anayekusanya vitu chakavu. Mzee akachungulia, akapiga mluzi.

"Mimi nachukua maboksi, mama. Vitoe vitu vilivyomo, nami nitakusaidia maboksi."

"Sasa vitu niviweke wapi?"

"Hilo silijui. Lakini maboksi nakuchukulia."

Akaketi juu ya furushi la karatasi, akafungua simu apumzishe akili kidogo. Na nani alikuwa akiuza mubashara muda ule? Yule kijana mwenye sauti tamu, anayewaita wateja wake ndugu zangu wa damu. "Ndugu zangu, nani kati yenu chumba chake kimejaa mpaka mlango haufunguki?" Bi Qiulan akahisi anasemwa yeye kwa jina. Yalikuwa makasha makubwa ya plastiki yenye vifuniko, manane kwa yuan mia mbili sabini na mbili. Akaongeza ufagio ili afikishe mia tatu.

Jumanne aliamka na wazo, na lilikuwa wazo zuri, tusimnyime haki yake. Kama hawezi kutupa, si agawe? Jengo lina ghorofa sita na majirani alioishi nao miaka thelathini. Akaanza na Bi Zhuang wa mlango unaotazamana naye, miavuli mitatu na chupa ya chai. Akapanda kwa Mwalimu Xu wa ghorofa ya tano, mstaafu wa jiografia anayeishi peke yake, akampelekea ndoo ya miguu yenye kupasha maji na kukanda nyayo. Akapita ghorofa baada ya ghorofa, sufuria huku, sabuni kule, na kila mlango ulifunguka kwa vicheko.

"Dada Qiulan, umeshinda bahati nasibu?"

"Chukua, chukua! Vimejaa tu kwangu."

"Aa, hapana, siwezi."

"Utaweza."

Jioni ile aliiona sakafu. Ilikuwa kipande kidogo, cha mtu mmoja kusimama kwa miguu yote miwili, lakini ilikuwa sakafu. Alisimama juu yake akacheka peke yake, akajiona mtu mwema sana.

Furaha ilimsahaulisha kitu ambacho kila mtu katika jengo lile anakijua tangu utotoni, yeye akiwa wa kwanza. Mtu akikupa, unarudisha. Na unachorudisha lazima kizidi kidogo kile ulichopewa, vinginevyo utapishana naye kwenye ngazi ukitazama ukuta.

Jumatano saa mbili asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Bi Zhuang, amebeba beseni lenye kaa wanane wazima waliofungwa kwa kamba, wakitoa mapovu.

"Miavuli mitatu, dada! Unadhani mimi sina haya?"

"Jamani, Bi Zhuang, nilikupa tu—"

"Na mimi nakupa tu. Wale wawili wa pembeni ni majike, wana mayai. Na hii ni katoni ya maziwa. Na hii nyingine pia."

Hajamaliza kuwaweka kaa kwenye sinki, mlango ukagongwa tena. Ghorofa ya pili wameleta gunia la mchele mpya. Ghorofa ya sita wameleta mablanketi mawili mapya kabisa, ya harusi ya mtoto wao, "tunayo mengi mno, dada, tusaidie." Mwalimu Xu alishuka mwenyewe, ngazi kwa ngazi, na kreti mbili za mabalungi, akakataa hata kunywa maji. Kufikia mchana Bi Qiulan alikuwa anagongewa na watu ambao hata hakuwapa kitu. Walikuwa wamesikia anagawa, wakaona ni heri wawahi.

Ile sakafu ya mtu mmoja ikamezwa. Ilipofika jioni, mlango haukufunguka hata kwa bega.

Alhamisi haikumhurumia. Chini ya jengo kuna kibanda cha mizigo cha kijana anayeitwa Peng, na kwa kuwa huko hakuna mtu anayeandika jina lake halisi kwenye mzigo, Peng hushinda akipaza majina ya kubuni bila hata kutabasamu. Bi Zhuang, na miaka yake sitini na miwili, ni Binti wa Kumi na Minane. Mwalimu Xu ni Jenerali. Bi Qiulan alisikia sauti ikipanda mpaka dirishani kwake:

"Malkia wa Ghorofa ya Tatu! Malkia, shuka! Mizigo tisa!"

Kwa kawaida sauti hiyo ilimpa furaha kuliko kilichomo ndani ya boksi. Siku zilipita ambazo Peng ndiye mtu pekee aliyemwita. Leo alishuka miguu mizito. Makasha manane, kila moja ndani ya boksi lake, na boksi ndani ya boksi jingine ili lisichubuke. Na ufagio.

"Unahama, mama?" aliuliza Peng.

"Natamani," alisema Bi Qiulan, na machozi yalikuwa karibu.

Ijumaa asubuhi alichukua kreti moja ya mabalungi, akapanda kwa Mwalimu Xu kuirudisha. Mwalimu alipofungua na kuona kilichokuja, alishika upande wa pili wa kreti, akasukuma. Bi Qiulan akasukuma. Vuta nikuvute mlangoni, watu wazima wawili, miaka mia moja thelathini na tano kwa pamoja, mpaka balungi moja likadondoka na kuteremka ngazi tum, tum, tum hadi ghorofa ya nne.

"Dada, nionee huruma!" Mwalimu alikuwa anahema. "Umenipa ndoo inayokanda miguu. Naiwasha kila jioni, na kila jioni najiambia, Xu, deni hili utalilipa lini? Ukirudisha haya mabalungi, nitalazimika kukununulia televisheni."

"Usiniletee televisheni, Mwalimu, nakuomba!" Akaketi kwenye ngazi palepale, akamweleza yote: Jumamosi, Nuonuo, Nanjing, mama yule wa taulo. "Kesho ndiyo kesho, na mjukuu wangu nitamwona akipungia mkono kwenye dirisha la gari. Nikigawa vinarudi. Nikirudisha vinazaa."

Mwalimu Xu akaweka kreti chini. "Basi usinipe," alisema. "Niombe."

"Nikuombe nini?"

"Niombe nikutunzie. Mtu akimtunzia jirani mzigo, harudishi chochote. Njoo uone."

Akamwongoza ndani hadi mlango wa mwisho. Kilikuwa chumba cha mwanawe aliyeko Kanada mwaka wa kumi na moja sasa. Kitanda kilichotandikwa, meza, taa, hakuna hata vumbi. Hakukuwa na kitu kingine.

"Nakifuta kila Jumapili," alisema Mwalimu. "Kisha nafunga mlango, sina tena sababu ya kuingia mpaka Jumapili nyingine. Leta vitu vyako, dada. Angalau nitakuwa nafungua nikahesabu miavuli."

Alisema kwa utani, lakini Bi Qiulan hakucheka. Yeye pia alikuwa na chumba.

Ikawa hivyo. Akapita tena mlango kwa mlango, safari hii mikono mitupu, akisema, "Niwekee tu, kwa muda," na uso wa kila aliyeambiwa ukafunguka kama ametuliwa gunia kichwani. Kumbe kila nyumba ilikuwa na chumba kama kile. Mtoto wa Bi Zhuang yuko Guangzhou. Wale wa ghorofa ya pili, mapacha wao wako jeshini. Peng akafunga kibanda, akaja kubeba. Mchana mzima mizigo ilipanda na kushuka ngazi, huku Bi Zhuang amesimama katikati ya korido akiamrisha kama askari wa barabarani. "Sabuni ghorofa ya sita! Ndoo kwa Jenerali! Hayo makasha leta kwangu, na mimi nina vyangu vya kuficha!"

Saa kumi walipoondoka, Bi Qiulan alibaki peke yake mlangoni.

Chumba kilikuwa kikubwa. Alikuwa amesahau kuwa kina madirisha mawili. Akaingia, akasikia ndara zake zikimjibu kutoka ukutani, na ule mlio ukamrudisha miaka saba nyuma, juma lile Yiwen alipobeba sanduku kwenda kuanza kazi Shanghai. Mzigo wa kwanza kabisa aliuweka juu ya kitanda hiki. Hakuuweka kwa kukosa nafasi. Nafasi ilikuwa tele, na ndiyo iliyomuuma. Aliketi kitandani, akalia kidogo, bila kelele, kisha akatafuta ule ufagio wa kufikishia mia tatu, akafagia mpaka uvunguni.

Jumamosi saa nne gari likasimama chini ya jengo. Nyuma yake likasimama gari jingine, la mizigo, lakini Bi Qiulan hakulijali, maana Nuonuo alikuwa ameshapanda ghorofa tatu kwa mbio na kumgonga tumboni kwa kichwa.

Yiwen aliingia polepole, mkono kiunoni. Alifika mlango wa chumba chake, akasimama. Akaitazama sakafu muda mrefu.

"Mama," alisema, sauti imebadilika. "Umefanyaje?"

"Nilikuambia chumba kipo."

Yiwen akamkumbatia mama yake kwa ubavu, maana kwa mbele haikuwezekana. Kisha akageukia ngazi, akamwita mumewe. "Hao! Kuna nafasi! Waambie walete!"

Wakaleta. Vijana wawili wa lile gari la nyuma walipanda na boksi, wakashuka, wakapanda na boksi. Nguo za mtoto wa miaka sita, na wa miaka saba, na wa miaka minane. Vitabu ambavyo bado vina nailoni. Baiskeli mbili, hema, piano ya plastiki, jiko la kuchezea lenye bomba linalotoa maji. Boksi la ishirini likaingia, la ishirini na sita likaingia, na Nuonuo akawa anatazama mali yake kama mtu anayetazama treni ya mizigo ikipita. Kitanda kikaanza kuzama.

"Vingine hata hatujafungua," alisema Yiwen haraka, haangalii mtu. "Nyumba yetu unaijua ilivyo ndogo, na mtoto mchanga anakuja. Ni vya kwake vyote, Mama. Vikae hapa naye."

"Atalala wapi?"

"Tutasogeza."

"Tutasogeza wapi, Yiwen?"

"Mama, tafadhali, nimechoka. Kama huwezi, sema, tuendelee Nanjing. Kule kuna ghala."

Basi lilikuwa limerudi lile neno, Nanjing. Bi Qiulan akayatazama maboksi. Angeweza kunyamaza, akayapokea, na mtoto angebaki. Angelala katikati ya maboksi kama panya, lakini angebaki. Maisha yake yote hakuwahi kukataa mzigo uliofika mlangoni.

"Mwanangu," alisema, "mbona vingi hivi?"

Yiwen akaketi kwenye ukingo wa kitanda, pale palipobaki. "Natoka kazini amelala," alisema. "Naondoka asubuhi amelala. Nikimnunulia kitu, najiona kama nilikuwa naye siku hiyo." Akasogeza boksi kwa mguu. "Ni ujinga, najua."

"Si ujinga. Ile miavuli yangu, kumi na minne..." Bi Qiulan akasita, aibu ikampanda mpaka masikioni. "Nilinunua kila mara taarifa ya habari iliposema Shanghai kunanyesha."

Yiwen akamtazama mama yake. Kisha wote wawili wakaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio njiani, na Hao, mkwe mwenye adabu zake, akaona ni wakati mzuri wa kwenda kuangalia kama gari limefungwa.

Bi Qiulan alikuwa wa kwanza kujipangusa. Akasimama, akakunja mikono ya sweta.

"Nanjing mtakwenda," alisema. "Nyie na haya maboksi. Mama mkwe wako si ana ghala? Ayapange anavyojua. Mtoto mniachie mimi."

"Mama! Mama Geng atazimia."

"Mpe hongera zangu."

Hao alipompigia mama yake, chumba kizima kilisikia kimya kilichotoka kwenye simu, kimya kirefu cha mwanamke anayehesabu taulo zake. Hatimaye sauti ikasema, "Mangapi, umesema?" Vijana wa mizigo wakaanza kushusha walichopandisha, wakinung'unika kwamba hawajawahi kuona familia kama hii. Yiwen alimbusu mwanawe mara nyingi kuliko alivyokusudia, akamwambia mama yake, "Nitapiga simu kila siku saa moja jioni, hata kama bosi amesimama mbele yangu," na Bi Qiulan akajibu, "Piga. Usitume kitu."

Magari yalipokata kona, Nuonuo aliingia chumbani. Alikimbia kutoka ukuta hadi ukuta, akarudi, akakimbia tena. Kisha akasimama katikati, akageuka huku na huku, uso umejaa mashaka.

"Bibi," alisema, "mbona humu hamna kitu?"

"Umo wewe," alisema Bi Qiulan.